Kompyuta Kumi na Tisa Sebuleni

Mtaani walimwita Bwana Disketi, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa na disketi mia nane na kitu ndani ya masanduku ya viatu, na juu ya kila sanduku aliandika kwa kalamu nyekundu kilichomo. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikujibu upesi: wawili, mapacha, wameshakuwa watu wazima na wana miji yao. Ukimuuliza ana kompyuta ngapi, hapo tafuta kiti ukae.

Zilikuwa kumi na tisa. Zote kuukuu, zote nzito, zote za rangi ile ya maziwa yaliyoungua kidogo. Moja aliikuta shuleni, kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usijifunge. Nyingine aliipata kwenye zahanati, juu yake pamekaa chungu cha maua, na maji ya maua yamepenya mpaka ndani kabisa. Ya tatu alipoifungua alimkuta kuku ameatamia humo. Mtu mwingine angemfukuza kuku. Bwana Disketi alirudi nyumbani mikono mitupu, akahesabu siku, vifaranga vilipokwisha kutoka akaenda kuichukua mashine yake. Mwenye kuku alidhani amerudi kutaka kifaranga.

Mapenzi haya aliyapata kazini. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kompyuta katika jengo kubwa la ofisi, ghorofa saba na lifti iliyokuwa ikisubiri kipuri tangu hajaajiriwa. Simu ikilia, anachukua mkoba wake wa bisibisi, anapanda ngazi, anafufua mashine, anashuka. Zilipoletwa mashine mpya nyembamba, zile za zamani zikatupwa uani zinyeshewe mvua. Alizitazama kwa dirishani siku tatu. Siku ya nne uzalendo ukamshinda, akaomba moja. Akapewa na shukrani juu, maana walikuwa wanatafuta wa kuwaondolea.

"Moja tu," alimwambia mkewe alipoingia nayo mlangoni, jasho linamtiririka.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pacha, alilikumbuka sana lile neno "tu", na alikuwa akilitaja kila mashine mpya ilipovuka kizingiti.

Tusimwonee Mama Pacha. Sebule yake ilikuwa na makochi manne, yakabaki mawili. Meza ya kulia ikageuka hospitali ya mitambo, wao wakawa wanakula na sahani magotini. Wala mashine zenyewe hazikuwa ngeni kwake, kwa kuwa naye alifanya kazi katika jengo lile lile, karani mchapaji wa ghorofa ya nne, mpaka wakubwa walipojifunza kujichapia barua kwa vidole viwili na makarani wakaambiwa ahsanteni, kwaherini. Lakini ngeni au si ngeni, nyumbani hakuruhusiwa kuzigusa. Juu ya kila kompyuta mumewe alibandika kikaratasi: USIGUSE. Bwana Disketi aliamini kwa moyo wake wote kwamba kidole cha binadamu kina mafuta, mafuta hushika vumbi, vumbi hushika unyevu, na unyevu ni mauti. Vumbi alilifuta mwenyewe kwa brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuonja rangi. Mama Pacha alifagia kwa kuzunguka.

Mambo yalichacha mama mkwe alipokuja kuishi nao. Alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, nyonga inamsumbua, hawezi tena kukaa peke yake. Akatandikiwa godoro sebuleni, kati ya kompyuta ya zahanati na ile ya kuku. Asubuhi ya kwanza aliamka akaanika kitambaa chake cha kichwa juu ya skrini. Bwana Disketi alipotoka chumbani alikiona, akaganda. Kumwambia mama mkwe akiondoe hakuthubutu. Kukiacha pale nako hakuweza. Alisimama na mswaki wake mdomoni mpaka povu likaanza kumdondoka.

"Shikamoo, mama," alisema mwisho, kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama hivyo, umeota vibaya?"

Siku hiyo hiyo, wakiwa jikoni, Mama Pacha akakata shauri.

"Baba Pacha, mama yangu hawezi kulala stoo."

"Si stoo, mke wangu. Ni makumbusho."

"Makumbusho watu huingia wakaangalia. Hapa nani kaingia? Msoma mita tu, na yeye ulimwambia avue viatu."

Bwana Disketi akajitetea. Alikwisha mwandikia mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye alikuwa na chumba kitupu, zamani kikiwekwa magazeti. Mkutubi amekubali afanye maonyesho humo Jumamosi, aone kama yanafaa. Akiridhika atampa chumba moja kwa moja, na kompyuta zote zitahamia huko, watu waje kuziona.

"Vizuri sana," Mama Pacha alisema. "Mkutubi akikupa chumba, zinahamia huko. Asipokupa, Jumatatu asubuhi namwita mtu wa vyuma chakavu aje na mkokoteni. Zote kumi na tisa. Tumeelewana?"

Bwana Disketi alikwisha mwona yule mtu wa vyuma chakavu akifanya kazi. Huanza na nyundo. Hatafuti skrubu wala hafungui kitu, anapiga tu mpaka shaba ionekane, na plastiki anaitupa mtaroni. Siku mbili tatu baada ya kuona hivyo hakula vizuri. Lakini maji yalikwisha kumfika shingoni, na mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia kila neno.

"Tumeelewana," alisema.

Akaanza matayarisho kama mtu anayeoza binti. Alichagua kompyuta tano zilizo nzima kuliko nyingine, na printa moja yenye kelele za kukereza chuma. Kila mashine aliisafisha kwa pamba na spiriti. Ijumaa asubuhi aling'oa vitufe vyote vya kibodi tano, kimoja kimoja, akavitia katika mabeseni matano ya maji ya sabuni, akavisugua kwa mswaki wa zamani, akavianika juani kwenye masinia nje ya mlango wa jikoni. Vilikuwa mia nne na ushee, vyeupe, vinang'aa. Akaona vikikauka atavirudisha mchana, akaenda maktaba kupima meza.

Huko akachelewa. Meza mbili zilikuwa na miguu mibovu, na fundi wa aina yake hawezi kuona mguu mbovu akauacha. Aliporudi nyumbani jua linazama. Masinia yalikuwa matupu. Kibodi tano zilikuwa zimepangwa juu ya kochi, na kila moja ina vitufe vyake vyote.

"Nilikuona umezidiwa, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka kwenye godoro lake, miwani iko puani, uso umemkunjuka kwa furaha. "Nikasema mimi nimekuja hapa kuwa mzigo tu? Nimekurudishia vyote. Havikubaki hata kimoja."

Bwana Disketi alitaka kulia. Nusu ilikuwa shukrani na nusu ilikuwa ule mchecheto wake wa vidole vya watu. Akabonyeza kitufe kimoja hapa, kimoja pale. Vimekaa barabara, vinashuka na kupanda. Akamshukuru mama mkwe kwa mikono miwili, akazifunika kibodi upesi kwa vitambaa kabla vumbi la jioni halijazikuta, akalala.

Na hapa lazima isemwe siri ya Bwana Disketi, ambayo yeye mwenyewe hakujua kama ni siri. Miaka thelathini alizifungua kompyuta, akaujua kila waya na njia yake, lakini kuchapa hakuwahi kujifunza. Kwake mashine ikiwaka imepona. Akihitaji kuandika kitu alitumia kidole kimoja cha shahada, na kila herufi aliitafuta upya. Kwa hiyo alipozifunika zile kibodi, hakuona kitu.

Jumamosi saa nne, chumba cha magazeti kilikuwa tayari. Kompyuta tano zimewaka, maandishi ya kijani yanamemeteka, na mbele yake kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Vikaratasi vya USIGUSE vilikuwepo pia, safari hii vimeandikwa upya kwa herufi kubwa. Watu walikuja kama ishirini hivi: wasomaji wa chumba cha jirani, wazee wawili waliofuata kelele za feni, mama mmoja aliyejikinga mvua. Bwana Disketi amevaa koti. Akakohoa, akaanza kuwaeleza habari za kumbukumbu ya mashine, ilikuwa ndogo kiasi gani na kwa nini.

Dakika ya kumi mvua ikakatika, yule mama akaondoka. Dakika ya ishirini wasomaji wakakumbuka vitabu vyao. Dakika ya thelathini na tano wamebaki wale wazee wawili, mmoja amesinzia, na mkutubi mwenyewe amesimama mlangoni na daftari. Mkutubi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, hata akiwa nje ya maktaba.

"Bwana, nina swali moja," alisema. "Watu watafanya nini humu?"

"Wataangalia."

"Wakishaangalia?"

Bwana Disketi akafikiri. "Wataangalia tena."

Mkutubi akaandika kitu katika daftari lake. Kilikuwa kifupi mno.

"Hapa ni maktaba, bwana wangu. Kitabu ambacho hakifunguliwi tunakiondoa rafuni. Siwezi kutoa chumba kwa ajili ya kamba na vikaratasi. Nataka kuona mtu anaitumia. Niruhusu nianze mimi."

 Bwana Disketi akamwona yule mtu wa nyundo kwa macho ya moyo. Akajikaza kisabuni, akafungua kamba, akabandua kikaratasi cha kompyuta ya kwanza na kumvutia mkutubi kiti. Akamwomba anawe mikono kwanza. Mkutubi akamtazama. Bwana Disketi akasema basi, si lazima.

Mkutubi akainama juu ya kibodi, akatafuta herufi, akabonyeza polepole neno alilolipenda kuliko yote, MAKTABA. Kwenye skrini kukatokea DQAZQWQ.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza.

"Samahani. Itakuwa joto tu." Bwana Disketi akapiga ubavu wa mashine kwa kiganja, taratibu, kama anambembeleza mtoto acheue. Mkutubi akarudia. DQAZQWQ.

Wakahamia ya pili. DQAZQWQ. Ya tatu, vile vile. Yule mzee aliyesinzia akaamka kwa ajili ya ya nne, na wasomaji wa jirani, ambao hawakuvutiwa na habari za kumbukumbu, wakaanza kurudi mmoja mmoja maana sasa palikuwa na jambo. Ya tano nayo, DQAZQWQ. Bwana Disketi alikwisha vua koti, ametoa bisibisi, amefungua mgongo wa kompyuta mbili, na matumbo yake yako nje. Haikumwingia akilini. Mashine tano za asili tano tofauti haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Alinusa waya. Alipuliza. Alizima, akawasha, akasema "sasa", na haikuwa sasa.

"Bwana," mkutubi alisema kwa ile sauti yake ndogo, akifunga daftari, "usijisumbue. Zimezeeka, ndiyo maumbile. Umejitahidi."

Neno "umejitahidi" likamchoma. Akakaa kwenye kiti chenye mguu alioutengeneza mwenyewe, akashika tama, na mbele ya watu wote hakujali tena kuonekana anataka kulia.

Wakati huo Mama Pacha akaingia, amemshika mama yake mkono, fimbo inagonga sakafu. Alikuja kujua habari ya Jumatatu. Alimwona mumewe, akaziona mashine, akaliona daftari limefungwa, akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Hakusema alilokuja kusema. Alisimama akaitazama ile kompyuta ya kwanza, skrini yake ya kijani na ule mstari mdogo unaowaka na kuzima, muda mrefu kidogo.

"Ndiyo programu yetu ile ya kuchapia barua ofisini," alisema.

"Imekufa, mke wangu. Zote zimekufa."

"Hebu sogea."

Akakaa. Akavuta kiti mbele mpaka alipopataka yeye, akanyoosha mgongo, akaweka vidole, kisha akageuza uso akamtazama mkutubi.

"Cheo chako kamili ni kipi, dada?"

"Mkutubi Mkuu," mkutubi alijibu, ameduwaa.

Vidole vikaanza. Havikuwa vinatafuta kitu. Vilikwenda kwa mfululizo wa kasi, tatata, vinasimama pumzi moja mwisho wa mstari, vinaendelea, na muda wote Mama Pacha anamtazama mkutubi usoni kwa adabu, kama wanaongea. Watu wakasogea. Yule mzee akapanda juu ya stuli. Kwenye skrini palikuwa na barua safi, yenye anwani kulia, tarehe mahali pake, na katikati kwa herufi kubwa: OMBI LA CHUMBA CHA KOMPYUTA ZA ZAMANI. Aya tatu. Ya kwanza inaeleza, ya pili inaomba, ya tatu inashukuru kabla ya kupewa. Hapakuwa na kosa hata moja. Akabonyeza, na printa ikapiga yowe lake, maktaba nzima ikainua vichwa, barua ikatoka kwenye karatasi ndefu yenye vitundu pembeni. Akaichana taratibu, akampa mkutubi kwa mikono miwili.

"Umefanyaje?" Bwana Disketi aliuliza. Alikuwa amesimama, bisibisi imemdondoka. "Mashine mbovu hiyo."

"Mbovu wapi? Nzima hii." Ndipo kwa mara ya kwanza Mama Pacha akatazama chini kwenye kibodi.  Akapasuka kicheko, akacheka mpaka akashika meza. "Jamani! Nani kavipanga hivi?"

"Mimi," mama mkwe alisema, amejaa fahari. "Nilipoanza kuvirudisha nikaona watu hawa hawakuwa na mpangilio, A iko huku, B iko kule. Nikavipanga. Darasa la kwanza nimelifundisha miaka thelathini na miwili, mtoto wangu yeyote anajua kwamba baada ya A inakuja B."

Kila kibodi, zote tano, ilianza na A kona ya juu na kumalizikia Z chini. Mkutubi aliangua kicheko cha sauti kubwa, na walinzi wa mlangoni waliotumwa kuzuia kelele hawakujua wamfanyeje. Bwana Disketi peke yake hakucheka.

"Lakini wewe ulijuaje?" alimuuliza mkewe.

"Sikujua. Tulifundishwa vimefunikwa kitambaa, mimi sijawahi kutazama vitufe maishani. Mashine hufuata mahali ulipogonga, si herufi iliyoandikwa juu." Akajifuta machozi ya kucheka, na sauti ikabadilika. "Miaka kumi na moja, Baba Pacha. Mashine kama niliyofanyia kazi ipo sebuleni kwangu, mimi nafagia pembeni yake. Hata siku moja hukuniambia, mke wangu kaa."

 Bwana Disketi alikuwa anaihesabu miaka mingine, ile ya ofisini. Ghorofa ya nne alipanda mara ngapi? Mamia. Na kila alipopanda, alikuwa ameitwa kwa kuwa mashine imeharibika, akamkuta yule karani amekunja mikono, anasubiri. Akimaliza kutengeneza anafunga mkoba anakwenda zake. Alimpenda, akamwoa, akazaa naye, na hakuwahi kumwona akichapa. Alisikia aibu iliyomshika mpaka masikioni. Alisikia pia furaha, na hiyo ndiyo ilimchanganya zaidi.

Mkutubi alikwisha isoma barua mara mbili. Akaomba kalamu, akaandika chini yake: Limekubaliwa.

"Kwa sharti," alisema. "Kamba itoke. Na awepo mtu wa kuwafundisha watu kuzitumia, kila Jumamosi."

"Mimi nipo," Bwana Disketi alisema upesi, akinyanyua koti lake sakafuni.

"Wewe utengeneze, bwana wangu. Mimi namtaka mama huyu."

 Tayari msichana mmoja wa chumba cha kusomea alikwisha kaa pembeni ya Mama Pacha, na nyuma ya msichana wapo wengine watatu, na yule mzee wa stuli. Mama mkwe alijipa kazi ya kupanga foleni, akiwaita watu wazima "mwanangu, nyuma ya mwenzako." Vitufe hakuna aliyevirudisha mahali pake siku ile. Kila aliyekaa alitazama chini akapotea, na Mama Pacha akamfunika mikono kwa kile kitambaa cha vumbi, akaanza naye kidole kimoja kimoja.

Bwana Disketi alizifunga zile mbili alizozifungua mgongo, akakaza skrubu ya mwisho, akaangalia huku na huku. Hapakuwa na cha kutengeneza. Akaenda akajipanga foleni kama watu wengine, mikono nyuma, na mama mkwe hakumpendelea. Zamu yake ilipofika akakaa. Mkewe akamshika vile vidole vyake vinene vyenye makovu ya chuma cha kuchomelea waya, akaviweka kimoja baada ya kingine mahali panapotakiwa, akavifunika.

"Usitazame chini," alimwambia.

"Sasa nitazame wapi?"

"Popote."

Akamtazama yeye.